Dawa ya Mswaki Yenye Kioo na Meno Bado Yanatia Ganzi: Tatizo Liko Wapi?

"Dokta, tyubu nzima nimeimaliza, na maji ya friji bado siyawezi." Haya nayasikia kwenye kiti cha meno karibu kila wiki, na mara nyingi mgonjwa ameishika tyubu yenyewe mkononi kama mtu aliyeleta risiti kudai pesa zake. Mimi sianzi na tyubu. Nauliza kwanza: maumivu yakikushika, yanakaa muda gani?

Swali jingine hulazimishwa na lugha yetu wenyewe. Jino likishtuka kwa ndimu twasema limetiwa ganzi, na sindano inayolizima lisihisi kitu nayo ni sindano ya ganzi. Kwa hiyo mtu akiniambia "jino lina ganzi", sina budi kuuliza: hulihisi kabisa, au unalihisi kupita kiasi? Hapa nazungumzia hili la pili, na hasa wale ambao tayari wanatumia dawa ya kioo, yaani dawa ya mswaki yenye unga wa kioo maalumu kinachoyeyuka mdomoni, na hawaoni nafuu waliyoahidiwa.

Kwanza, kioo hicho kinafanya nini

Chini ya enameli, lile gamba gumu la nje, kuna dentini. Dentini imetobolewa na vijifereji makumi ya maelfu katika kila milimita moja ya mraba, kila kimoja kina upana wa mikromita 1 au 2 hivi, na vyote vinaelekea kwenye kiini cha jino kulikolala mishipa ya fahamu. Ndani yake mna majimaji. Enameli ikilika, au ufizi ukishuka na kuuacha mzizi wazi, midomo ya vijifereji hubaki nje. Baridi, upepo au sukari ikigusa hapo, majimaji hushtuka na kusogea, na mshipa huona kama umepigwa. Msweden Martin Brännström ndiye aliyeyaeleza hayo vizuri katika miaka ya 1960, na mpaka leo ndivyo tunavyofundishwa.

Kioo hai, au bioglasi, hakikubuniwa kwa ajili ya meno. Mwaka 1967 Mmarekani Larry Hench, mwanasayansi wa kauri na vioo, alikuwa ndani ya basi akienda mkutanoni, akaketi na mwanajeshi aliyetoka Vietnam, aliyemuuliza kama sayansi yake ingeweza kutengeneza kitu ambacho mwili wa majeruhi hautakikataa. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Florida, Hench akapata kioo kinachoshikana na mfupa. Tofauti na cha dirishani ni hii: cha dirishani kina silika, yaani madini ya mchanga, zaidi ya asilimia 70, ndiyo maana mvua haikiyeyushi; cha Hench kina silika asilimia 45 tu, na kilichobaki ni sodiamu, kalsiamu na fosforasi kidogo. Kikilowa mate kinaanza kuachia vilivyomo. Sodiamu inatoka, ukali wa asidi mdomoni unapungua, kalsiamu na fosfati zinatua juu ya dentini na kugeuka apataiti, madini ya jamii ileile iliyojenga jino. Vijifereji vinazibika.

Kazi yake ni hiyo tu: kuziba. Haiulazi mshipa, kama zinavyofanya dawa zenye potasiamu naitreti. Haizibi jino lililotoboka, haiungi jino lenye ufa, na haiokoi kiini kilichoanza kuoza. Asilimia kubwa ya "haifanyi kazi" ninazoletewa ni ama kizibo kinang'olewa kila siku na mwenyewe bila kujua, ama shida haikuwa vijifereji tangu mwanzo.

Kwa hiyo kabla ya kusoma zaidi, jipime. Kunywa funda la maji ya baridi. Ukimeza na maumivu yakaisha ndani ya sekunde chache, endelea na dalili ya kwanza. Yakiendelea kwa dakika nzima au zaidi baada ya maji kuondoka, ruka mpaka dalili ya nne, na usinunue tyubu nyingine.

Dalili ya 1: Nimetumia wiki kadhaa, sioni tofauti

Sababu inayoongoza kwa mbali ni kusukutua. Mtu anapiga mswaki, anajaza maji kinywani, anasukutua mara tatu kama alivyofundishwa utotoni, na vumbi la kioo lote linaishia kwenye sinki kabla halijapata nafasi ya kuyeyuka. Tema povu, basi. Usisukutue, na usinywe maji kwa nusu saa. Usiku, ukishamaliza, chukua dawa kiasi cha punje ya harage kwa ncha ya kidole, paka penye shida, ulale nayo. Fanya hivyo asubuhi na usiku bila kuruka, kisha hesabu wiki 2 mpaka 4. Aliyetumia siku tano akaacha hajajaribu bado.

Inayofuata ni asidi, na hapa pwani tuna utajiri wake: embe bichi la chumvi na pilipili, ubuyu, ukwaju, achari, ndimu katika kila mchuzi, juu yake soda. Apataiti iliyotua jana inayeyushwa leo. Sisemi uache embe, nisingekubaliwa hata nyumbani kwangu. Nasema kula mara moja na umalize, usidonoe kutwa nzima. Halafu sukutua kwa maji matupu na usubiri nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kushika mswaki, maana asidi huulainisha uso wa jino na mswaki unaukwangua ukiwa bado laini. Wakati wa mfungo nawaona wengi wa namna hii: anafuturu kwa juisi ya ukwaju, anakimbilia mswaki ili awahi tarawehe.

Ya tatu ni mkono wenyewe. Alikuja mama mmoja mwenye meno meupe mno, anasema anapiga mswaki mara nne kwa siku. Nilipomvuta shavu nikaona kwenye shingo za meno ya pembeni, pale jino linapokutana na ufizi, mikato kama iliyochongwa kwa tupa, myembamba, inang'aa. Nikamwomba siku nyingine aje na mswaki wake. Akautoa kwenye mkoba: nywele zimelala pande zote mbili kama ufagio wa chelewa uliokwisha, na alikuwa ameununua mwezi uleule. Ule mkono ungechakaza dawa yoyote. Ukiona mswaki wako unalala kabla ya miezi mitatu, unakandamiza. Tafuta wenye nywele laini kabisa, ushike kwa vidole kama unavyoshika kalamu, uzungushe taratibu. Mswaki wa mti nao hauna kosa, kosa ni ncha kavu iliyogumu ikipelekwa kulia na kushoto kama msumeno. Unga wa mkaa wa kung'arisha, achana nao kabisa.

Ya nne: pengine dawa yako haina kioo hata chembe. Usisome jina kubwa la mbele, geuza tyubu usome viambato. Maneno unayoyatafuta ni calcium sodium phosphosilicate, au jina la kibiashara NovaMin. Kwa kawaida ni asilimia 5. Jina moja la dawa linaweza kubeba vitu tofauti nchi kwa nchi. Sensodyne Repair & Protect inauzwa ikiwa na NovaMin katika nchi nyingi, lakini ile ya Marekani inatumia kiambato kingine, stannous fluoride. Nayo ni dawa nzuri ya ganzi, ila siyo kioo. Basi kama shangazi alikuletea tyubu moja kutoka Minnesota na nyingine ukainunua mwenyewe Dubai, usishangae zikitofautiana mdomoni. Hapohapo angalia na floraidi, madini yanayokinga meno yasitoboke. Zipo dawa za kioo zisizokuwa nayo kabisa, na mtu anayetoboka meno kirahisi akizitumia peke yake anajipunguzia kinga.

Mwisho ni mate machache. Kioo kinahitaji unyevu ili kifanye kazi, na mate ndiyo yanayoleta kalsiamu nyingine. Anayetafuna mirungi usiku kucha akishushia na soda, au anayemeza dawa zinazokausha kinywa, atapata nafuu ndogo kuliko wenzake. Dawa za hospitali usiziache mwenyewe; mweleze aliyekuandikia.

Umeyarekebisha yote haya kwa wiki 4 na bado? Acha kujitibu. Nenda ukaangaliwe.

Dalili ya 2: Ilitulia vizuri, sasa imerudi

Mara nyingi mtu alipopona aliacha. Kizibo si cha milele, kinalika kama jino lenyewe linavyolika, na chanzo kikiwa bado kipo, ganzi hurudi. Rudia dawa mara mbili kwa siku, uendelee nayo ndiyo iwe dawa yako ya kawaida.

Kama hukuacha, tazama meno ya juu kwa ndani, upande wa ulimi. Yakiwa yamekuwa laini, membamba, yanaonesha kama kioo kwenye ncha, asidi inatoka tumboni na si sahani ya chakula. Kiungulia cha muda mrefu hufanya hivyo, na kutapika kwa wajawazito pia. Ukitapika, sukutua kwa maji, usipige mswaki papo hapo. Kiungulia kinachokuamsha usiku kinataka daktari wa tumbo. Sisi wa meno tutakuwa tunapiga deki huku bomba linamwaga.

Kuna na wanaosaga meno usingizini. Ukiamka taya zimechoka, au unayelala naye analalamika kelele, sema hivyo kwa daktari; kuna kinga ya kuvaa usiku, na hiyo hakuna tyubu inayoweza kuchukua nafasi yake.

Dalili ya 3: Ni jino moja tu

Ganzi ya kawaida hupenda kushika meno kadhaa, hasa ya pembeni. Jino moja likijitenga lishuku.

La kawaida kuliko yote ni tundu, mara nyingi katikati ya meno mawili ambapo kioo cha kujitazamia hakifiki. Vitu vitamu ndivyo vinavyolisema zaidi, na uzi wa meno ukipitishwa hapo hukatika au hutoka unanuka. Linalofuata ni jino lililozibwa zamani ambalo zibo limeanza kuachia pembeni. Kisha ufa: unauma chakula sawa, ila unapoachia ndipo linapokupiga kama umeme. Jaribu kwa kitambaa safi kilichokunjwa, ukiuma upande mmoja mmoja wa jino, taratibu. Ukipata ule mshtuko wa kuachia, usiendelee kulipima. Kila kupima kunaupanua ufa. Tafunia upande wa pili na uende wiki hiyohiyo.

Jino lililozibwa juzi ni habari nyingine. Linaweza kushtuka kwa baridi wiki mbili tatu kisha likatulia lenyewe. Lakini kama linagonga kabla ya mengine unapofunga mdomo, zibo liko juu kidogo. Rudi kwa aliyekuziba alipunguze, ni kazi ya dakika mbili, wala usione haya.

Paka dawa ya kioo ukisubiri miadi, haidhuru. Usiweke kidonge cha aspirini kando ya jino, kinaunguza ufizi ukawa mweupe. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa nayo huunguza. Tone moja kwenye pamba ndani ya tundu hutuliza kwa muda, tone kwenye ufizi ni kidonda.

Dalili ya 4: Maumivu yanakaa, yanakuja yenyewe, au yananiamsha

Hapa hakuna cha kukagua nyumbani. Maumivu yanayobaki dakika nyingi baada ya baridi, yanayoamshwa na chai ya moto, yanayopiga pamoja na mapigo ya moyo ukilala, ni kiini cha jino kinachovimba ndani ya sanduku lisilotanuka. Ukiona mtu anatembea na chupa ya maji ya barafu kwa sababu yanamtuliza, jino hilo limefika mbali. Matibabu ni kusafisha mzizi au kung'oa, na kadiri unavyowahi ndivyo uamuzi unavyobaki wako.

Kinachowadanganya wengi ni kimya. Jino liliuma siku nne, siku ya tano likanyamaza, na dawa ya mswaki ikapewa sifa. Mara nyingi kiini kimekufa, na usaha unajitafutia njia.

Uvimbe wa shavu au chini ya taya, homa, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza kwa shida, ulimi kuinuliwa au pumzi kubana: hiyo ni dharura, nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri kliniki ya meno ifunguliwe asubuhi. Usaha wa jino la chini unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa.

Isipokuwa moja ndogo: ukiwa na mafua makali, meno kadhaa ya juu nyuma yanauma pamoja, na yanazidi ukiinama, huenda ni uwazi wa mfupa wa uso uliojaa makamasi. Mafua yakipona nayo yanapona.

Dalili ya 5: Imeanza baada ya kusafishwa au kung'arishwa meno

Ugaga ukitolewa, mizizi iliyokuwa imejifunika kwa uchafu huo inakutana na hewa kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Wengi hulaumu kliniki kwamba "wamenikwangua meno". Ugaga ndio ulioushusha ufizi. Mtaalamu ameuonesha tu. Kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja au mbili, na hapa ndipo dawa ya kioo inapofanya kazi vizuri kuliko mahali pengine, kwa kuwa dentini iko safi na wazi. Anza siku hiyohiyo.

Dawa za kung'arisha meno, zenye peroksaidi, hupenya mpaka kwenye kiini, na ganzi yake huisha siku chache baada ya kuacha. Ikizidi, simamisha na ongeza siku za kupumzika kati ya vipindi. Wenzetu wa Arusha na Meru, ambako maji yana floraidi nyingi na meno hutoka na rangi ya kahawia, hujiingiza hapa zaidi kuliko wengine. Rangi ile imo ndani ya enameli, haitoki kwa kusugua wala kwa ndimu. Na enameli yenye vishimo ikisuguliwa inabanduka. Zungumza na daktari wa meno kabla ya kununua chochote mtandaoni.

Dalili ya 6: Dawa yenyewe inanitia wasiwasi

Haitoi povu jingi, ni nzito, na inaleta ujoto kidogo ulimini. Hiyo si feki. Kwa vile maji yangekianzisha kioo kikiwa bado ndani ya tyubu, dawa hizi hutengenezwa bila maji, kwa gliserini, na gliserini ikikutana na mate huleta joto. Ndiyo sababu pia tyubu iliyoachwa wazi bafuni huharibika mapema: funga kifuniko, na usiuguse mdomo wa tyubu kwa mswaki unaotiririka maji.

Ngozi nyembamba nyeupe zinazobanduka ndani ya shavu, au vidonda vidogo vinavyojirudia, mara nyingi ni sabuni iliyomo kwenye dawa ya mswaki, sodium lauryl sulfate. Badili utafute isiyo nayo. Midomo ikivimba au ukipata vipele, acha mara moja na umwone daktari.

Mtoto chini ya miaka 12 asipewe dawa hizi bila ushauri. Mtoto wa miaka sita au saba anayekataa kupiga mswaki kwa sababu magego mapya yanamuuma huenda yametoka na enameli dhaifu, ya njano au kahawia, na yanabomoka haraka. Huyo mlete mapema.

Ukija kliniki

Tunaweza kupaka vanishi ya floraidi, kuweka dawa ya kuziba vijifereji yenye nguvu kuliko ya tyubu, kuijaza ile mikato ya shingo za meno, au kwa ufizi ulioshuka sana kukuelekeza kwa bingwa wa fizi. Utatusaidia ukija na vitu vitatu: tyubu unayotumia, mswaki wako vilevile ulivyo bila kuubadilisha njiani, na kijikaratasi cha siku tatu chenye ulichokula, saa uliyopiga mswaki, na jino lililoshtuka. Yule mama wa mikato alikileta chake kwenye gamba la daftari la mtoto. Mstari wa kwanza: saa moja asubuhi, chai ya ndimu, saa moja na dakika tano, mswaki.